Kijana Mwenye Usonji katika Shule ya Sekondari ya Kawaida

Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana na kudumu maisha yote. Hujitokeza katika namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, na pia katika namna anavyoshikilia utaratibu, anavyozama katika mambo anayoyapenda na anavyozipokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Hautokani na laana, uchawi wala malezi mabaya, na chanjo haziusababishi. Vijana wenye usonji hawafanani. Mmoja huzungumza kwa ufasaha na kujua miji mikuu yote ya Afrika, lakini akashindwa kuingia katika maongezi ya wenzake. Mwingine huelewa somo zima asijibu swali hata moja kwa mdomo. Wasichana wengi huchelewa kutambuliwa kwa sababu huiga tabia za wenzao na kuficha taabu yao.

Kusoma katika shule ya kawaida ni haki ya kijana huyu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaeleza haki ya elimu jumuishi katika ibara ya 24. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inataka watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao. Hivyo, shule inayompokea na kumsaidia inatimiza wajibu, haimfanyii hisani.

Kwa nini sekondari ni ngumu zaidi

Katika shule ya msingi ya umma mtoto huwazoea walimu wachache, wenzake wa miaka mingi na lugha ya Kiswahili. Kidato cha kwanza hubadilisha karibu kila kitu kwa pamoja. Kila somo lina mwalimu wake, na kila mwalimu ana desturi zake. Masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Wanafunzi ni wengi, kengele ni nyingi, na zipo kanuni ambazo hakuna anayezitamka: nani akae wapi, utani uishie wapi, kiranja ajibiwe vipi. Wanafunzi wengine huzing'amua kanuni hizo kwa kuangalia tu. Kijana mwenye usonji huhitaji kuelezwa waziwazi. Yote haya humkuta wakati mwili wake nao unabadilika kwa balehe.

Maandalizi kabla ya kuanza

Maandalizi huanza mara shule aliyopangiwa inapojulikana. Kijana hupelekwa kuiona shule ikiwa tupu, akaonyeshwa darasa, vyoo, bwalo na ofisi ya walimu. Njia ya kwenda shule hujaribiwa mapema, pamoja na kituo cha daladala atakachoshukia.

Mzazi huandaa maelezo ya ukurasa mmoja yanayotaja mambo anayoyaweza kijana, yanayomtaabisha, dalili za kwamba anaanza kuzidiwa, na yanayomtuliza. Nakala humfikia kila mwalimu anayemfundisha. Maelezo yakibaki kwenye faili la mkuu wa shule hayamsaidii mtu darasani. Shule nayo huteua mtu mzima mmoja, mara nyingi mwalimu wa darasa au wa malezi na unasihi, ambaye kijana anajua kwamba anaweza kumwendea wakati wowote. Pale ambapo usonji haujathibitishwa rasmi, afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri huelekeza mahali pa kufanyiwa upimaji na ubainishaji. Msaada wa darasani haupaswi kusubiri cheti.

Darasani

Msaada mwingi wa darasani hauna gharama. Kijana hupewa kiti kimoja cha kudumu, mbali na mlango na dirisha lenye kelele. Ratiba ya vipindi hubandikwa kwenye daftari lake, na mabadiliko yakitokea huambiwa mapema. Maagizo hutolewa moja baada ya jingine na kuandikwa ubaoni. Baada ya kuulizwa swali huachiwa muda wa kufikiri, na hukubaliwa kujibu kwa maandishi. Kwa Kiingereza, orodha fupi ya misamiati ya mada inayofuata, akiipata siku moja kabla, humpunguzia mzigo mkubwa.

Lugha ya mafumbo humpoteza. Mwalimu akifoka, "Hebu rudia tena uone!", kijana anaweza kurudia kweli, kwa kuwa ndivyo alivyosikia. Akiulizwa, "Nani amekuruhusu kukaa?", anaweza kutaja jina. Hayo si majibu ya jeuri. Agizo la moja kwa moja kama "Acha kugonga meza, fungua ukurasa wa 12" hueleweka mara moja. Vilevile, kutomtazama mwalimu machoni hakumaanishi dharau wala kutosikiliza. Baadhi husikia vizuri zaidi wakiwa wameangalia chini.

Kazi za kikundi huwa nyepesi kijana anapopewa jukumu mahususi, kama kuchora mchoro au kuandika majibu. Jambo analolipenda sana, liwe injini, mpira au nyota, ni njia nzuri ya kumvuta kwenye somo na kwenye klabu za wanafunzi.

Anapozidiwa

Kelele za mstarini, joto la darasa lililojaa, harufu ya bwalo au mabadiliko ya ghafla vinaweza kulundikana hadi kijana akashindwa kujizuia. Wapo wanaopiga kelele, kulia au kukimbia. Wapo wanaonyamaza kabisa na kukataa kusogea. Hali hii hutofautiana na utovu wa nidhamu, kwa sababu kijana hakuichagua na hawezi kuikatisha kwa amri.

Wakati huo mtu mmoja tu huzungumza naye, kwa sauti ya chini na maneno machache. Wenzake huondolewa, hashikwi kwa nguvu, na hupelekwa mahali patulivu. Maswali na mafunzo husubiri mpaka atulie, pengine hadi kesho yake. Kinga ni bora zaidi: kadi ndogo anayoiweka mezani kuomba kutoka, ruhusa ya kusimama pembeni wakati wa mstari, na kona tulivu maktabani. Kumchapa viboko kijana aliyezidiwa humwongezea hofu bila kumfundisha chochote, na huweza kumfanya aikatae shule.

Wenzake, uonevu na balehe

Kijana mwenye usonji huwa shabaha rahisi ya uonevu. Hutumwa kufanya makosa ili wenzake wacheke, huombwa fedha na "marafiki", na mara nyingi hajui kwamba anaonewa. Kumuuliza "Unaonewa?" hakutoshi. Huulizwa mambo mahususi: nani alikaa naye mapumziko, nani alichukua kalamu yake, nini kilitokea chooni. Mwanafunzi mwenzake mmoja au wawili walioridhia kutembea naye humlinda zaidi kuliko hotuba kwa shule nzima. Wanafunzi hawaelezwi hali yake bila ridhaa yake na ya wazazi.

Kuhusu balehe, huelezwa mapema kwa maneno halisi: hedhi na taulo za kike, ndoto nyevu, usafi wa kwapa, sehemu za siri, na yapi hufanywa faraghani. Hufundishwa kwamba mwili wake haushikwi bila ridhaa, kwamba naye hamshiki mwingine bila ridhaa, na nani wa kumwambia likitokea jambo baya. Bwenini, kitanda cha pembeni na matroni au patroni anayemfahamu ni mambo ya lazima.

Mitihani

Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ukiwemo muda wa ziada. Mkuu wa shule hushughulikia taarifa za mtahiniwa tangu wakati wa usajili, kwa kuwa kusubiri wiki ya mtihani ni kuchelewa. Utaratibu huohuo hutumika kwanza katika mitihani ya ndani, ili asikutane na chumba kigeni na sura ngeni kwa mara ya kwanza katika upimaji wa kidato cha pili au mtihani wa kidato cha nne.

Nyumbani

Kijana aliyekaa kimya siku nzima shuleni anaweza kulipuka akifika nyumbani, kwa sababu amejibana kwa saa nyingi. Saa moja ya utulivu kabla ya maswali na kazi humfaa. Wasiwasi na sonona ni vya kawaida zaidi kwa vijana wenye usonji, na kifafa kinaweza kuanza katika umri huu. Kukosa usingizi kwa muda mrefu, kuacha kula, kutamka kwamba hataki kuishi au kupoteza fahamu ni sababu za kumpeleka hospitali bila kuchelewa.

Mzazi na mwalimu aliyeteuliwa kumsaidia wakiwasiliana kila wiki, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, matatizo mengi huonekana yakiwa bado madogo. Kuanzia kidato cha tatu, mazungumzo huhusu pia yajayo: kidato cha tano, chuo cha ufundi cha VETA, au kazi inayofuata kipaji chake. Kijana mwenyewe huwa na sauti ya kwanza katika mazungumzo hayo, na shule pamoja na familia zina wajibu wa kumsikiliza.