Chupa ya Mtoto Kwenye Baridi ya Mau Narok

Mama anayerudi kazini Mau Narok huondoka nyumbani ukungu ungali umetanda. Huenda ni kibarua wa viazi, mwalimu au mwenye kibanda sokoni. Nyumbani anabaki nyanya (shosho au kogo) au dada wa kazi, na maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Kwa huruma tu, anayebaki huyasogeza karibu na jiko, au huyamimina kwenye themosi ili mtoto asinywe kitu baridi. Hapo ndipo penye hatari. Baridi inayotuvalisha sweta mbili haiyadhuru maziwa hata kidogo. Vijidudu hupenda uvuguvugu, na themosi huutunza uvuguvugu huo kwa saa nyingi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi, katika chombo safi chenye kifuniko, hukaa mezani saa nne. Yaliyokamuliwa saa kumi na mbili asubuhi yawe yamekwisha kufikia saa nne asubuhi. Kwenye friji hukaa siku nne, yakiwekwa ndani kabisa wala si mlangoni. Usizirefushe saa hizi ati kwa kuwa Mau Narok kuna baridi. Jikoni ambako githeri imechemka tangu alfajiri si baridi tena. Asiye na friji atumie kikasha cha barafu, ambamo maziwa hudumu hadi saa 24, au apange mtoto aletwe shambani wakati wa chakula cha mchana.

Yagawe kidogo kidogo, mililita 60 hadi 100 kwa kila chombo, na uandike saa ya kukamua. Sababu ni hii: maziwa ambayo mtoto ameshayagusa kwa mdomo humwagwa saa mbili zikipita tangu amalize kunywa. Kumwaga maziwa yaliyokamuliwa kwa jasho kunauma, afadhali basi kumwaga kijiko kuliko chupa nzima.

Sasa tuje kwenye sufuria ya kuchemshia chupa. Mji huu uko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka yakifika nyuzi 91 hivi, si 100. Ndiyo maana githeri ya huku hula kuni nyingi kuliko ya Nakuru mjini. Chupa nayo yahitaji subira hiyohiyo. Ifungue vipande vyote, chuchu, pete ya kufungia na kifuniko. Osha kwa maji moto na sabuni ndani ya beseni ambalo halioshewi kitu kingine, ukitumia brashi ya chupa. Kisha zamisha kila kitu majini, bila povu la hewa kubaki ndani, na uanze kuhesabu dakika kumi maji yanapotokota kwelikweli, si yanapoanza kutoa mvuke. Acha vikauke vyenyewe juu ya kitambaa safi. Leso iliyofuta meza isiviguse.

Kupasha moto ni kazi ya bakuli la maji ya uvuguvugu yaliyokwisha epuliwa. Maziwa ya mama hayachemshwi, wala hayaingizwi kwenye maikrowevu, ambayo huacha sehemu za moto mkali zinazoweza kumchoma mtoto mdomoni. Yakiwa yamejitenga, mafuta juu na maji chini, hayajaharibika, yazungushe polepole. Dondosha tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono: usihisi moto wala baridi. Usiongeze maji, sukari wala glukosi.

Wakati wa kunywesha, mtoto wetu kwa kawaida amefungwa mablanketi hadi kidevuni. Mtoe mikono nje. Mikono ndiyo inayosema: aliye na njaa hukunja ngumi, aliyeshiba huiachia. Mkalishe nusu wima mapajani, mguse mdomo kwa chuchu na umngoje aufungue mwenyewe. Chupa ilale karibu sawa na sakafu, maziwa yakiijaza chuchu tu, na umpumzishe kila baada ya mafunda kadhaa. Akigeuza uso, amemaliza, hata kama zimebaki mililita 20. Kuegemeza chupa kwenye mto na kwenda kumenya viazi kunaweza kumpalia. Na ile tabia ya kupanua tundu la chuchu kwa sindano iliyochomwa motoni, iachwe leo.

Wauguzi wengi wa kliniki watakuambia bora kikombe kuliko chupa, nami nakubaliana nao: kikombe hakina chuchu wala kona za kufichia mabaki. Lakini mama wengi watatumia chupa, hivyo ni heri waitumie vizuri.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo, huku wizara ya afya ikimtaka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Shambani kwa viazi chumba hicho sijakiona. Mwajiri akikuruhusu dakika za kukamua mchana, zichukue, kwani titi lisilokamuliwa hupunguza maziwa. Jioni ukifika, vua gambuti, nawa mikono, umweke mtoto titini kabla hujashika sufuria ya ugali.