AFYA YETU: TUPANGE UZEE MAPEMA



Uzee si ugonjwa. Lakini mwili wa mzee hupungua nguvu. Macho hufifia. Mifupa huvunjika kwa urahisi. Mambo haya tunayajua. Mbona basi hatuyapangi?

Hapa Matogoro kupanga si jambo geni. Kabla ya mvua, jembe na mbegu viko tayari. Kabla ya njaa, mahindi yako ghalani. Lakini habari za uzee wa baba na mama tunazingojea mpaka siku ya ugonjwa.

Tuchukue mfano. Bibi anaishi peke yake. Wanawe wako Songea mjini, Mbinga na Dar es Salaam. Usiku anakwenda chooni, anateleza, anavunjika nyonga. Jirani anamkuta asubuhi. Nani ampeleke hospitali? Nauli iko wapi? Kila mtoto alidhani mwenzake anamtunza mama. Mwishowe wanauza mbuzi wake bila kumwuliza. Watoto hawa wanampenda mama yao, lakini hawakukaa kikao.

Kaeni na mzee angali ana nguvu. Mwulizeni yeye kwanza. Zungumzeni haya:

1. Makao. Anataka kuishi wapi? Nani atalala karibu naye? Kazi ya kumtunza asiachiwe binti mmoja au mkwe mmoja.

2. Afya. Apimwe shinikizo la damu hata kama haumwi. Mara nyingi ugonjwa huu hauna dalili. Akipewa dawa, asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri. Macho yakiingia ukungu, apelekwe hospitali. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji.

3. Nyumba. Njia ya chooni isawazishwe. Tochi na mkongojo viwe karibu na kitanda.

4. Fedha. Kila mtoto aseme atatoa nini, na lini. Nauli ya hospitali iwekwe kando.

5. Mali. Shamba na nyumba atamwachia nani? Aandike wosia. Kwa sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963, ajuaye kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wawili au zaidi, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua huhitaji wanne. Tazama faida ya kisomo!

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Msingoje mpaka hapo.

Mimi ni kijana. Niliona haya kumwuliza baba yangu mambo haya. Nilipouliza, alicheka. Alisema alikuwa akitungoja sisi watoto tuanze. Huenda na mzee wako anangoja. Jioni ya leo, baada ya chakula, anza wewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mzee mwenyewe aulizwe kwanza?
2. Katika familia yenu, mzee akiugua usiku, nani ataitwa, na nauli itatoka wapi?