Adabu za Kutafuta Sarafu katika Chenji

Kuchambua chenji ili kupata sarafu za kuhifadhi, mathalani ya shilingi 500 ya toleo la mwaka 2014, ni burudani halali. Tunawakumbusha wapenzi wake mambo matatu.

1. Omba kubadilishiwa noti duka likiwa tulivu. Chenji ikiwa haba, usimshurutishe muuzaji.

2. Hesabuni pamoja papo hapo. Sarafu usizozihitaji zitumie upesi, zirudi kwenye mzunguko.

3. Sema kweli. Mzee wa Tanga au Pangani akikuonyesha heller ya Wajerumani, sarafu iliyotupatia neno "hela", hasa iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 yenye herufi T, mweleze kwanza kwamba wakusanyaji huithamini, ndipo mzungumze bei. Kuinunua kwa bei ya chuma chakavu, ilhali waijua thamani yake, ni kumdhulumu.