AFYA: Dawa ya Shambani Isiguse Mchicha wa Barazani

Hapa Msalato kiangazi ni kirefu. Mvua zikikoma, shamba hukauka kwa miezi mingi. Mboga mbichi inayobaki ni ile iliyo karibu na nyumba. Ni mchicha uliopandwa kwenye makopo, madebe na ndoo mbovu, nao humwagiliwa maji ya kusuuzia vyombo. Pengine lipo na kopo la maua mlangoni. Kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 iliwafundisha wazee wetu faida ya mboga.

Kisha wadudu huja. Geuza jani, utazame chini yake. Wadudu wadogo, laini, wa kijani au weusi, ni wadudu mafuta. Hunyonya maji ya jani. Jani hujikunja na kunata. Ukiona sisimizi wakipanda shina, usidhani wao ndio wanaokula mchicha. Wanafuata utamu unaotoka kwa wadudu mafuta, tena huwalinda kama mfugaji alindavyo mbuzi wake. Jani likiwa na vidoa vyeupe na utando mwembamba, huo ni utitiri. Utitiri hupenda joto na vumbi, na kwetu vyote viwili ni vingi.

Nyumbani imebaki dawa kidogo ya shamba la zabibu. Baba anapulizia mchicha asubuhi. Jioni mama anachuma. Hatari! Dawa nyingine huingia ndani ya jani. Hata ukiosha mara 3, haitoki. Maandishi ya chupa husema ungoje siku kadhaa kabla ya kuvuna. Lakini mchicha wa kopo huchumwa kila baada ya siku chache. Utangojaje?

Tumia sabuni. Kwangua sabuni ya mche, ujaze kijiko 1 cha chai. Koroga katika lita 1 ya maji. Jaribu kwanza jani moja, ungoje siku moja. Lisipoungua, nyunyizia mengine jioni, hasa chini ya majani. Sabuni huua mdudu iliyemgusa tu, wala haiui mayai. Kwa hiyo rudia baada ya siku 5 au 7. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, huunguza majani.

Mwarobaini nao tunao tele. Twanga konzi moja ya mbegu kavu, kiasi cha gramu 50. Loweka usiku kucha katika lita 1 ya maji. Chuja kwa kitambaa, unyunyizie jioni, kwa kuwa jua huharibu nguvu yake. Hii ni dawa ya mimea. Mafuta ya mbegu hizo yamewahi kuua watoto wachanga walionyweshwa.

Na ile dawa ya shamba? Usiitie kamwe katika chupa ya soda. Mtoto ataijua chupa, hataijua sumu. Ifungie mbali na jikoni.

Mtu aliyepata sumu huweza kutoka jasho na mate mengi, kutapika, kuona kizunguzungu na kupumua kwa shida. Mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe. Maziwa hayaondoi sumu, yasikucheleweshe. Mkimbize hospitali, na chupa ya dawa uichukue.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini kuosha mchicha hakutoshi?
2. Nyumbani kwako, dawa ya shamba imewekwa wapi?