Marisau Salama kwa Ndege wa Majini

Mtahiniwa, kumbuka kwamba neno "risasi" lina maana mbili: kinachofyatuliwa na bunduki, na metali laini, nzito, yenye sumu. Maana hizo hukutana kwenye marisau, yaani punje ndogo za kuwindia ndege.

Punje zisizolenga huzama matopeni. Kwenye vinamasi kama vya Mto Mara wilayani Butiama au Ghuba ya Speke wilayani Bunda, bata humeza changarawe ili firigisi isage chakula. Akimeza punje ya risasi, firigisi huisaga, asidi huiyeyusha, na sumu huingia kwenye damu. Hivyo hata bata asiyepigwa huweza kufa.

Marekani ilipiga marufuku punje hizo kwa uwindaji wa bata mwaka 1991. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa AEWA, unaotaka ziachwe kwenye ardhioevu.

Mbadala mmoja ni chuma cha pua. Densiti yake ni 7.8 g/cm³; ya risasi ni 11.3 g/cm³. Kwa kuwa ni chepesi, mwindaji huchagua punje kubwa zaidi na hupiga kwa karibu.

Zoezi: Tafuta masi ya punje ya 0.02 cm³ kwa kila metali.

Jibu: Risasi 0.226 g, chuma cha pua 0.156 g.