Injini ya Gari la Zamani: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa

Thika na Ruiru bado kuna wenye Peugeot 504 na Land Rover za zamani. Injini ikifa, hutafutwa nyingine iliyotumika. Muuzaji atasema ni adimu, lakini uadimu pekee si bei. Mwananchi, zingatia haya:

1. Toa plagi, kisha zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele. Ikigoma kabisa, imekwama. Ihesabu kama vipuri na chuma chakavu.

2. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia.

3. Fundi wako, si wa muuzaji, apime kompresheni ya kila silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, kuna ukarabati.

4. Ondoa gharama ya ukarabati kwenye bei ya injini nzima. Kwa mfano, nzima ikiwa Sh80,000 na ukarabati Sh35,000, usipite Sh45,000.

5. Soma namba ya injini. Ikiwa imekwaruzwa, iache hata kama ni rahisi. Huenda ni ya wizi. Ikisomeka vyema, dai risiti yenye namba hiyo, kisha uijulishe NTSA ili rekodi za gari lako zibadilishwe.