SOMO KWA MATAWI: Mja Mzito Kazini Katika Miezi Mitatu ya Mwisho



Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya vikao vya matawi yetu hapa Uganda. Tunaomba lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, wanaume kwa wanawake, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe. Asiwepo wa kusema kwamba haya ni mambo ya akina mama, wakayazungumze wenyewe. Mwenzetu anapochuma chai au kusimama mbele ya mashine akiwa na mimba ya miezi minane, hilo ni jambo la kazi, na jambo la kazi ni la chama.

Sisi tunaoandika ni wanawake tuliozaa tukiwa kazini. Wengi wetu tulifanya kazi mpaka wiki ya mwisho. Hatukufanya hivyo kwa kuwa tulikuwa na nguvu nyingi. Tulifanya hivyo kwa sababu ya hesabu ya siku za likizo, ambayo tutaieleza hapa chini.

1. Hali ya mwili

Mimba huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kipindi cha tatu huanza wiki ya 28. Wakati huo mtoto ana kilo moja hivi. Akizaliwa kwa wakati wake huwa na kilo tatu hivi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wake huongezeka katika miezi hii mitatu. Tena mtoto si mzigo wote. Kuna kondo la nyuma na maji, na damu ya mama yenyewe imeongezeka karibu nusu zaidi ya ile aliyokuwa nayo kabla ya mimba. Moyo wake unaisukuma yote, usiku na mchana.

Ndiyo sababu mama huyu hutweta akipanda kilima kidogo tu: tumbo limepanda na kuyabana mapafu kwa chini. Kiungulia humsumbua. Miguu huvimba ikifika jioni. Mtoto hukandamiza kibofu, naye huenda haja ndogo mara kwa mara. Mgongo humuuma kwa kuwa uzito umehamia mbele, na viungo vya nyonga vimelegea kujitayarisha kwa uzazi, hivyo hujikwaa kwa urahisi. Usiku hulala kwa vipande vipande. Mara nyingine tumbo hukaza kisha huachia bila mpango, naye hujiuliza kama ndiyo uchungu umefika.

Mwanamke wa namna hii akiketi dakika kumi chini ya mti, mnyapara humwita mvivu. Sisi tumeitwa hivyo, na wakati ule hatukuwa na maneno ya kujibu.

2. Kazi inavyoweza kudhuru

Mwenzetu mmoja alikuwa akichambua bidhaa kiwandani, kazi ya kusimama zamu nzima. Ruhusa ya kwenda chooni ilikuwa mara mbili tu kwa zamu. Alipofika wiki ya 33 aliona aibu kuomba zaidi, akaacha kunywa maji. Baada ya siku chache akaanza kusikia maumivu akikojoa, kisha ikaja homa, naye aliendelea na zamu. Alijifungua katika wiki ya 35. Mtoto yu hai, tunashukuru, lakini siku zake za kwanza zilikuwa za mashaka. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa wa njia ya mkojo usipotibiwa mapema huweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia huhesabiwa kuwa njiti.

Jambo lenyewe, ndugu, lilikuwa ruhusa ya kwenda choo. Halikuhitaji fedha za mwajiri wala mashine mpya. Kama mwakilishi wa tawi angaliulizwa, lingalimalizika kwa mazungumzo ya nusu saa.

Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 191 la mwaka 2000, limetaja kazi za kuangaliwa kwa mja mzito: kuinua, kubeba, kusukuma au kuvuta mizigo kwa mikono, kazi za kemikali zinazodhuru uzazi, kazi inayohitaji kusimama kwa uwiano, kama juu ya ngazi, kusimama au kuketi kwa muda mrefu, joto kali au baridi kali, na mitetemo. Kwanza mwajiri aondoe hatari au arekebishe kazi. Isipowezekana, amhamishe mama kwenye kazi nyingine bila kupunguza mshahara. Na hilo lisipowezekana, ampe likizo yenye malipo. Pendekezo halina nguvu ya sheria, lakini linafaa sana kuwekwa mezani tunapojadiliana na mwajiri.

3. Kliniki na dalili za hatari

Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linashauri mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara nane. Mara tano kati ya hizo ziko katika kipindi hiki: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Huko hupimwa shinikizo la damu na mkojo, na hutazamwa mtoto amelalaje. Basi mama anayekatwa mshahara kila akienda kliniki hukatwa zaidi wakati ule ule anapohitaji kliniki zaidi.

Kila mfanyakazi, mwanamume na mwanamke, azijue dalili hizi:
– kutokwa damu, au maji kuvuja ukeni;
– kuumwa sana na kichwa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, au degedege;
– homa, au maumivu makali ya tumbo;
– mtoto kucheza kidogo kuliko kawaida, au kutocheza kabisa.

Dalili mojawapo ikionekana, kazi isimame na mama apelekwe hospitali saa ile ile. Asisubiri zamu iishe wala chai ipimwe.

4. Hesabu ya siku

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki nne ziwe baada ya kujifungua. Anayefanya kazi siku sita kwa wiki hupata wiki 10. Akiondoka wiki nne kabla ya kuzaa, anabakiwa na wiki sita. Maana yake atarudi shambani akimwacha mtoto wa mwezi mmoja na nusu, naye ameshauriwa kumnyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Ndiyo maana tunang'ang'ania kazini na tumbo kubwa: kila siku tunayopumzika kabla, tunamnyang'anya mtoto baadaye.

Tuwatazame majirani. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, inatoa miezi mitatu kwa mshahara kamili. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, inatoa siku 84, na siku 100 kwa aliyezaa pacha. Zaidi ya hayo, sheria hiyo ya Tanzania inakataza mja mzito kupangiwa kazi ya usiku, yaani saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotazamiwa kuzaa. Hapo tuna la kujifunza. Kinga hiyo inamlinda mama angali kazini, wala haimli hata siku moja ya likizo.

5. Tawi lifanye nini

Tusingoje sheria peke yake. Katika mkataba wa pamoja na mwajiri tudai haya kuanzia wiki ya 28:
(a) kazi nyepesi bila kupunguziwa malipo; anayelipwa kwa kilo alipwe wastani wa miezi iliyotangulia;
(b) asipangiwe zamu ya usiku, wala kazi ya kupulizia dawa;
(c) kiti, maji ya kunywa, na ruhusa ya choo bila kuhesabiwa;
(d) siku za kliniki zilipwe kama siku za kazi.

Likizo ibaki kwa ajili ya kuzaa na kunyonyesha.

Maswali ya kujadili

1. Katika kazi yenu, ni shughuli gani nyepesi ambazo mja mzito anaweza kupewa leo bila gharama?
2. Mwanachama mja mzito akikataa kubeba mzigo mzito, nani atasimama naye mbele ya mnyapara? Tajeni jina.
3. Dalili ya hatari ikitokea usiku, gari litatoka wapi?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, yapelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mazungumzo ya mkataba kuanza.